Utando Mweusi wa Kikaango

Kikaango kipya cha chuma hakina sura ya kikaango. Ni cha kijivu kama bati la drum lililopigwa nyundo, kinanuka mafuta ya mashine, na ukikitupia chapati kitaing'ang'ania kana kwamba kinamdai mwenyewe. Mama anayeniuzia chapati huku Kawangware, upande wa Gatina, alinunua chake Kamukunji baada ya kile cha zamani kuibwa usiku mmoja pamoja na jiko na ndoo mbili. Jiko hakulililia. Ndoo hata hakuzitaja. "Kikaango kilikuwa na miaka 11," aliniambia, kwa sauti ile mtu anayotajia umri wa mtoto.

Nikampa pole, kisha nikaongeza ujinga wangu juu yake: "Si utanunua kingine, Mama?"

"Chuma nitanunua. Ule weusi wake nitaununua wapi?"

Jibu hilo lilinikalisha kwenye kreti la soda kibandani kwake jioni tatu mfululizo, saa ambazo wateja wamepungua. Nilikuwa nimekula chapati zake miaka mingi bila kuangalia kilicho chini yake. Ule weusi nilidhani ni masizi tu, uchafu uliokaa mahali pamoja hadi ukapewa uenyeji. Kumbe ni utando, mwembamba kuliko rangi yoyote ya dukani, na haupakwi: unapikwa.

Jioni ya kwanza hakugusa mafuta. Alikiosha kwa maji ya moto, sabuni na jivu, akakisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka maji yakatoka safi. "Leo tu," alisema, akautupa ule waya kwenye takataka kama anayeondoa kishawishi. Akakifuta, akakiweka juu ya jiko lililojaa makaa yaliyoiva, kikavu, kitupu, akaanza kupepea.

Kwa dakika kadhaa hakukutokea kitu. Kisha katikati, pale penye moto mwingi, kijivu kikageuka rangi ya nyasi kavu. Nyasi kavu ikasogea kando ikawa pete, na ndani yake ikazaliwa kahawia. Kahawia nayo ikasukumwa nje na zambarau, halafu ikaja buluu iliyokolea kama wino. Rangi zilitembea polepole kutoka katikati kwenda ukingoni, kila moja ikiifukuza iliyotangulia, na mama alizifuata kwa macho bila kusema neno. Alipoona upande mmoja umebaki nyuma, alikizungusha kikaango robo, akapepea tena.

Hakuna rangi iliyomwagwa pale. Chuma kikipata moto hushikana na oksijeni ya hewani na kujivika oksidi, na vazi hilo hunenepa kadiri joto linavyopanda. Mwanga ukiliangukia, sehemu yake hurudi kutoka juu ya utando, na sehemu nyingine hupenya ikarudi kutoka chini, kwenye chuma chenyewe. Miale hiyo ikikutana njiani, rangi nyingine hutiana nguvu na nyingine huuana. Ipi itabaki ni suala la unene, na unene wenyewe ni makumi ya nanomita tu, yaani makumi ya sehemu za milioni za milimita. Ndiyo hesabu ileile inayochora upinde wa mvua kwenye mafuta ya matatu yaliyotapakaa juu ya dimbwi pale stejini.

Wahunzi wameisoma hesabu hii tangu zamani. Fundi anayefua patasi kutokana na springi ya gari huichovya kwanza, halafu huipasha upya taratibu akiingoja rangi. Akitaka makali magumu ataizuia kwenye nyasi kavu, karibu nyuzi 220. Akiiacha ifike buluu, karibu nyuzi 300, atapata chuma kinachopinda na kurudi bila kukatika. Mama hana patasi ya kufua wala kipimajoto, lakini anasoma kitabu hichohicho. Buluu ilipofika ukingoni na katikati pakaanza kurudi kijivu, alikiepua. "Sasa kimetoa jasho," akasema.

Tukanywa chai kikipoa. Yangu niliisahau mkononi, ikashika utando juu, ule ambao watoto huutoa kwa kidole na kuupaka mezani. Nao ni utando uliojipanga wenyewe: protini za maziwa zikipita kama nyuzi 70 hufunguka, hushikana zenyewe kwa zenyewe, na maji yakiruka juu hubaki ngozi. Ukiupasha tena haurudi kuwa maziwa. Mama aliutoa wake kwa kijiko, akaula. Wapo watu wa namna hiyo.

Jioni ya pili alikuja na kichupa cha mafuta ya alizeti. Hilo lilinishangaza, maana chapati zake hukaangwa kwa mafuta ya kupima, yale ya dukani unayochotewa kwa kadiri ya sarafu ulizonazo, ambayo kwa kawaida ni ya mawese. "Ya kupima ni ya kupikia," akanijibu. "Ukiyakomazia kikaango, yanabaki kunata kama gundi."

Alikipasha hadi tone la maji likaruka. Akamwaga mafuta yasiyojaza kijiko cha chai, akayatandaza ndani, nje na kwenye mkono kwa kipande cha fulana kuukuu. Kisha akachukua kipande kingine kikavu akaanza kuyaondoa. Alifuta mpaka nikadhani amebadili nia. "Unapaka," akanieleza, "halafu unapanguza kama mtu aliyekosea kupaka." Nikapitisha kidole ukingoni, kikatoka kikavu. Kwa macho yangu hapakubaki kitu.

Kilibaki. Mafuta ya kula daima yana asidi za mafuta zilizoachana na kundi, na joto huziongeza. Molekuli moja ya asidi hiyo ni kama njiti ya kiberiti, ina kichwa na kijiti. Kichwa hupenda kushika oksidi ya chuma. Kijiti, ambacho ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni, hakina haja na chuma wala maji. Zikifika juu ya chuma hugeuka zenyewe, vichwa chini, mikia juu, bega kwa bega, bila mkono wa mtu kuzipanga. Tabaka hilo la kwanza lina kimo cha molekuli moja, nanomita mbili na ushei. Ungetaka kufikia unene wa unywele mmoja wa kichwani, ungeyapanga matabaka hayo kati ya elfu 20 na elfu 40. Fulana huondoa mafuta yaliyolala juu. Yaliyoshika kwa vichwa, haiyafikii.

Ujuzi wa matabaka haya nao ulipitia jikoni, na hilo hunifurahisha kuliko inavyostahili. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, aliishi wakati ambapo vyuo vikuu vya kwao vilikuwa vya wanaume, akabaki nyumbani akiwatunza wazazi wagonjwa. Akiosha vyombo aliona jinsi mafuta yanavyobadili ngozi ya maji, akajitengenezea beseni la bati lenye ukingo wa kusogeza, akapima. Mwaka 1891 barua yake kwa mwanafizikia Lord Rayleigh ilichapishwa katika jarida la Nature. Miaka 41 baadaye Mmarekani Irving Langmuir alipewa Nobel ya kemia kwa kazi za namna hiyo. Mwaka huohuo Braunschweig ikamtunuku Pockels shahada ya heshima, akiwa bibi kizee wa miaka 70.

Katharine Blodgett, aliyefanya kazi na Langmuir, ndiye angeelewana na mama wa Gatina bila mkalimani. Alichovya kioo kwenye maji yaliyotandwa stearati, jamaa ya karibu ya sabuni, akakitoa, akakichovya tena. Kila mchovyo uliacha tabaka la molekuli zilizosimama, na matabaka yalipoongezeka rangi zilibadilika mbele ya macho yake, hata akawa anasoma unene kwa rangi kama mhunzi anavyosoma joto. Alipofikisha matabaka 44, mwaka 1938, kioo kikaacha karibu kabisa kuakisi mwanga.

Sasa moto. Njiti zile za asidi ya mafuta zikiwa baridi husimama wima, kama mtama shambani kabla ya upepo. Joto likipanda kidogo mikia hujikunja na kuyumba. Ikipoa hunyooka tena. Asidi ya steariki, moja ya njiti hizo, ikiwa peke yake huyeyuka karibu nyuzi 69. Ikiwa imeshikwa na chuma huvumilia zaidi ya hapo, ila kuna mahali ambapo mistari huvunjika na hata ikipoa haijipangi ilivyokuwa. Wanaojenga tando hizi maabara hulikwepa eneo hilo kama dereva anavyokwepa shimo. Mama analipita makusudi, tena kwa mwendo.

Maana utando uliosimama kwa mistari ni mzuri lakini ni mlegevu. Sabuni na mwiko vingeumaliza kwa wiki. Mama anataka kitu kingine, na hapo ndipo alizeti inapolipa bei yake. Zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti ya kawaida ni asidi ya linoleiki, ambayo katika mnyororo wake ina sehemu mbili ambapo kaboni zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja. Sehemu hizo ndizo mlango. Joto likiwa kali oksijeni huingia hapo, mnyororo unatafuta wa kushikana naye, unamshika jirani, jirani anamshika wa pili. Mistari inakufa, wavu unazaliwa. Mafuta yaliyokuwa yakitiririka hayatiririki tena. Yamekuwa ngozi ngumu iliyoganda juu ya chuma, na ukiipasha haiyeyuki. Mafuta ya mawese yana asidi hiyo kwa karibu sehemu moja tu katika kumi. Wavu wake una matundu mengi, kwa hiyo unanata. Mama alilifahamu hilo kwa ncha ya kidole.

Na ile kupanguza kama mtu aliyekosea ina sababu yake. Mafuta yakiwa mazito, oksijeni hushughulika na yaliyo juu. Juu panafunga, chini panabaki pabichi, na unapata vipele vinavyonata na kubanduka siku ya pili. Yakiwa membamba, hewa inafika hadi kwenye chuma. Nimeshaona watu wenye majiko ya gesi na muda wa kutosha wakishindwa jambo hili kwa ukarimu wao tu, wanamimina mafuta kana kwamba wanakilisha kikaango.

Alikirudisha motoni. Moshi ulianza kwenye ukingo, ukaenea, ukawa wa buluu. Muuza mitumba wa kibanda cha pili akakohoa kwa maksudi. Mama hakupepea tena. Alisogeza makaa pembeni kwa koleo, akaacha joto lipande kwa uvivu. Moshi ulipokatika wenyewe, akaepua. Chuma kilikuwa na rangi ya strungi. Akapaka, akapanguza, akarudisha. Raundi ya tatu kikawa kama ganda la njugu, ya nne kama kahawa. Raundi ya sita kilikuwa cheusi chenye mng'ao wa ndani, ule wa jiwe lililolowa. Siri yote ilikuwa katika saa ya kuepua. Moto uleule unaofuma wavu huo, ukizidi, huuchoma hadi ukabaki jivu. Sehemu moja ndogo karibu na mkono ilipata mwali wa moja kwa moja ikafifia kuwa kijivu, na mama akaguna kama aliyeona mbegu iliyoliwa na panya.

Nilipomsimulia hayo Nyanya wa Makina, Kibera, alicheka mpaka akashika kiuno. Yeye ni Mnubi, wa zile familia za askari walioletwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita kwa lugha yao Kibra, msitu. Chuma chake cha kupikia gurusa, mkate mwembamba wa uji wa unga, ni kikuukuu kuliko mimi. Uji ukimiminwa juu yake hutanda, hukauka kandokando, hujiinua wenyewe ukingoni kana kwamba umeitwa. Na hajawahi kununua mafuta ya alizeti. Anatumia mafuta ya ng'ombe na nusu kitunguu iliyochomwa kwenye uma. Kwa hesabu niliyoieleza, mafuta ya ng'ombe hayafai kabisa: asidi ya linoleiki iliyomo ni kidogo kuliko hata ya mawese. Lakini chuma chake ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika.

Nimelifikiria jambo hilo. Kitunguu chake ndicho fulana ya mama wa Gatina: uso uliokatwa hupitisha mafuta kwa wembamba usioweza kuzidishwa, halafu hufuta ya ziada. Kilichobaki ni miaka. Mafuta yanayofuma polepole hufuma vilevile, ukiyapa moto wa kila asubuhi kwa miongo. Mama hakuwa na miongo. Alikuwa na kodi ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo akanunua alizeti.

Nilizaliwa si mbali na Makina, na chuma kile nakijua kwa aibu. Nikiwa na miaka tisa hivi, mama yangu alinituma nikakiazime. Tulipomaliza, nikaona heshima ni kukirudisha kikiwa safi, nikakisugua kwa mchanga na waya mchana kutwa hadi kikang'aa. Nyanya alikipokea, akakigeuza upande huu na huu. "Mjukuu wangu," akasema, "umenirudishia kikaango kikiwa uchi." Hakunipiga. Alinikalisha chini nikamsaidia kukivisha, nikishika kitunguu, na baadaye kila nilipopita alinikumbusha kwamba hata nyanya hazipikwi humo. Watoto wa mtaa walipenda kulirudia: Nyanya hataki nyanya. Asidi ya nyanya na ya ndimu hula utando ukiwa bado mchanga, kwa hiyo hakukosea, na utani ulikuwa juu yetu.

Jioni ya tatu mama wa Gatina alisukuma chapati. Alikuwa ameshaupumzisha unga, ameukata madonge, kila donge amelipaka mafuta, amelikunja kama konokono, amelibana. Mafuta hayo katikati ya mikunjo ndiyo yanayotenganisha tabaka na tabaka, na mpenda chapati akiishika huanza kuihesabu kwa vidole kabla ya kuimega. Nilitaka kumwambia kwamba naye pale anajenga tando, lakini alikuwa na kazi.

Ya kwanza ilishika. Aliibandua kwa ukingo wa sahani ya plastiki, si kwa kijiko cha chuma, ikararuka katikati. Pale ilipong'ang'ania akapitisha fulana yenye mafuta, akaacha pavute moshi kidogo, akaendelea. Ya pili ilishika pale pale karibu na mkono, kwenye lile doa la kijivu. Ya tatu vivyo hivyo, ila kidogo. Kila moja iliacha mafuta yake, na kila mara alipanguza kama mtu aliyekosea. Ya nne ilihitaji kusukumwa. Ya tano aliiweka, akaigeuza, akaipaka, akakikamata kikaango mkono na kukitikisa mara moja. Chapati ikazunguka yenyewe, mzunguko mzima, kama sahani ya santuri.

Hakusema kitu. Alikitikisa tena, nadhani kwa raha zake tu.

Mteja akatokea gizani akitaka mbili na madondo. Akapewa ya tano na ya sita. Mimi nikapewa zile zilizoraruka, na nilipotoa pesa alizihesabu zote, hata ile ya kwanza.

Jiko jipya siku hizi hulala kibandani, limefungwa kwa mnyororo uliochoka. Kikaango akishakifuta na kukipaka mafuta ya mwisho hukifunga ndani ya leso, akakitia kwenye kikapu, wakaondoka pamoja kuelekea nyumbani.